Hela za jumuiya: piga hesabu ya miezi 3 mbele, Excel inatosha

Haya jamani wahasibu wa jumuiya zetu za Chake, Wete na Unguja, mana naona bajeti tunazo nzuri tu, mwaka mzima zimekaa sawa, ikifika tarehe 25 mishahara hamna. Bajeti inakwambia hela zitatosha, haikwambii zitaingia lini.

Kwanza jua leo una nini. Chukua salio la benki, toa cheki ambazo hazijapita, halafu toa hela za miradi, na hapa ndo penye kazi. Mfano benki mna milioni 18, cheki ya milioni 2 iko nje, milioni 13 na nusu za mradi wa visima, zenu wenyewe milioni 2 na nusu tu!! Kodi ya ofisi na mlinzi ndo zinatoka humo. Mwenyekiti akiiona ile 18 atakwambia hela si hizo zipo, we mtolee karatasi. Kuchota mradi huu ulipie mwengine mikataba mingi ya wafadhili inakataza, na mkaguzi ataikuta tu.

Pili fungua Excel, wiki 13 zipange kwa upande, kushuka chini weka salio la kuanzia, zinazoingia, zinazotoka, salio la mwisho ambalo ndo linaanzia wiki ya pili yake. Kila mfadhili mstari wake.

Tatu zinazoingia, usiandike tarehe ya mkataba!! Awamu ya pili kwa kawaida haiji mpaka ripoti ya kwanza ikubaliwe, kwa iyo hesabu siku mtakayopeleka ripoti, wao waisome, waulize maswali yao, benki nayo ichukue siku zake. Mie naongeza mwezi mzima. Ahadi ya mdomo usiiweke kabisa, na kama ni dola au euro piga kwa reti ya chini kidogo.

Zinazotoka nyepesi: mishahara, PAYE (kodi ya mshahara), ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar), umeme, nauli za boti. Uchakavu wa gari, yani thamani yake inayoshuka kila mwaka, hauingii, hakuna hela inayotoka pale. Ila Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na watu wanataka mshahara kabla ya sikukuu, basi usogeze.

Kila Jumatatu weka hela halisi za wiki iliyopita, ongeza wiki moja mbele. Wiki ya 9 ikisoma hasi, barua kwa mfadhili iende leo, na zile kompyuta mpya zisubiri.