Sabufa haipendi kona

Wewe mpenzi wa rumba hapa Goma, kabla ya kuongeza sauti ya sabufa, ihamishe kwanza. Wengi tunaisukuma kwenye kona ya sebule kwa sababu ndipo penye nafasi, na kona ndiyo inayovimbisha besi kuliko mahali pengine popote. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne unatoa hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8, kuliko sebule zetu nyingi. Linagonga ukuta, linarudi, linajigonga lenyewe. Kwenye kochi linanguruma, hatua mbili mbele halipo.

Kwa muda, weka sabufa pale unapokaa wewe, juu ya kiti chenyewe. Piga wimbo ambao besi yake inatembea, kisha tambaa kando ya kuta ukisikiliza (watoto watacheka, waache). Pale noti zote zinaposikika kwa usawa, hakuna inayomeza nyingine, ndipo sabufa ikae. Kikato, yaani kiwango ambacho juu yake sabufa inaziachia spika nyingine sauti, anzia hezi 80. Swichi ya fezi, inayolinganisha mawimbi ya sabufa na ya spika nyingine, jaribu 0 na 180, ubaki na ile inayojaza besi zaidi.

Kwa nyumba ya mbao, sakafu itatetemeka na mabati yataimba. Bamba zito la jiwe la volkeno, ambalo hapa halikosekani, likiwekwa juu ya vipande vya mpira wa tairi, hupunguza mtetemo wa sakafu. Jirani bado atasikia. Ukuta wa mbao hauzuii besi, kwa hiyo usiku punguza tu.