Laini kwanza, simu baadaye: kwa wewe unayetoka Mombasa kwenda kazi nje

Kila mtu hapa mtaani akipata viza, kitu cha kwanza anachoniuliza ni anunue simu gani, Samsung ama iPhone, achukue hapa Digo Road ama angoje akifika huko, na mimi najibu vilevile kila siku, simu ngoja kwanza, tuongee laini. Nimekaa Doha miaka sita kabla ya kurudi nyumbani, na tabu za simu nilizoona watu wetu wakizipata kule nyingi hazikuwa za simu yenyewe, zilikuwa za laini.

Tuanze na laini yako ya hapa. Usiiue. Hiyo namba ya Safaricom au Airtel sio ya kupigia tu, hiyo ndio M-Pesa au Airtel Money yako, ndio benki, ndio eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, siku paspoti inakaribia kuisha na uko ugenini unaingia eCitizen inakutumia namba ya siri kwa meseji, na meseji inakuja kwa namba ile ile uliyojisajili nayo. Sasa kama umeitoa ukaitupa kwenye droo, laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni inaifunga, halafu baadaye namba inauzwa tena, siku moja mtu usiyemjua kabisa anapokea meseji zako za benki.

Kwa hivyo kabla hujasafiri bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wengi wetu laini tulipewa zamani tukiwa hatuna ID, imesajiliwa kwa jina la mama au la kaka, na hujui mpaka siku uiharibu utake kuirudisha. Kama si jina lako nenda shop ya Safaricom na mwenyewe wa jina mkaibadilishe, msifanye na mtu wa mwavuli kando ya barabara. Hapo hapo shop waambie unasafiri, wakuhakikishie romingi imefunguliwa, uliza bei ya nchi unayoenda, na ile namba ya PUK, ya kufungulia kadi ikijifunga, iandike mahali nje ya simu. Ukishafika kule zima data ya romingi kwenye hiyo laini, hili nasema kwa herufi kubwa ZIMA, manake simu inajisasisha yenyewe usiku na kredi yote inakwenda na hujafungua hata picha moja. Laini ya Kenya iache iwe ya kupokea meseji, ambazo kwa kawaida hazina malipo ukiwa nje, lakini simu ukiipokea unalipa wewe, kwa hivyo waambie watu wa nyumbani wasikupigie huko. Kila mwezi nunua kredi kidogo kwa M-Pesa na utume hata meseji moja ili ionekane inatumika.

Jambo lingine kuhusu hiyo laini, na hili linaniuma. Usimwachie ndugu. Watu wanaacha laini na PIN ya M-Pesa nyumbani ati ndio pesa ziwe zinaingia huko moja kwa moja, namjua kijana wa Likoni aliyefanya hivyo, amerudi baada ya miaka miwili akakuta Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, imejaa na mikopo kwa jina lake, kila shilingi ikiingia inakatwa kwanza deni. Yeye alikuwa anaosha magari kwenye jua la Ghuba. Nyumbani watumie kwenye laini zao wenyewe.

Tuje laini ya kule. Kanuni ni moja, isajiliwe kwa jina lako na kitambulisho chako wewe. Mimi laini yangu ya kwanza nilipewa na ajenti, nikashukuru nikaona nimeokoa pesa, kumbe imesajiliwa kwa jina la mtu mwengine kabisa. Nilipotaka kuingia Metrash, ile apu ya serikali ya Qatar ya mambo ya ukaazi na viza, haikukubali, manake lazima namba iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Halafu yule mwenye jina akaondoka nchini, laini ikakatwa, na namba zote za watu wangu, WhatsApp, kila kitu kikaenda nayo. Nililia wallahi. Saudi ni hivyo hivyo, tangu 2016 laini inasajiliwa kwa alama za vidole pamoja na iqama, yaani kibali cha ukaazi, na Absher, apu ya serikali yao, inataka namba yako. Imarati ni Emirates ID. Siku za mwanzo kabla kitambulisho hakijatoka unaweza kupata laini ya mgeni kwa paspoti, hiyo tumia kujulisha watu umefika, lakini benki usiipe namba hiyo, ngoja ya kudumu.

Na dada zangu mnaoenda kazi za nyumbani, naomba hapa msome polepole. Kuna nyumba simu inachukuliwa siku ya kwanza. Kwa hivyo namba tatu uziweke kichwani kabisa bila simu, ya mtu wa nyumbani, ya mtu mmoja unayemwamini aliye nchi hiyo hiyo, na ya ubalozi wa Kenya wa nchi unayoenda. Ziandike pia kwenye karatasi na kwenye kitambaa ndani ya nguo, mama zetu walikuwa wakifunga pesa kwenye pindo la leso na njia hiyo bado inafanya kazi. Kabla ya kupanda ndege kubalianeni na nyumbani siku ya kupiga, tuseme kila Ijumaa jioni, na Ijumaa mbili zikipita kimya basi waanze kutafuta. Mkataba wako upige picha, utume kwa mtu nyumbani, usibaki kwenye simu yako peke yake. Saa haisumbui, Saudi, Qatar, Kuwait na Bahrain saa zao ni sawa na za Mombasa, Imarati na Oman wako mbele saa moja tu.

Sasa bando. Kampuni ni chache, Qatar ni Ooredoo na Vodafone, Saudi kuna STC, Mobily na Zain, Imarati ni Etisalat (siku hizi inaitwa e&) na du na Virgin Mobile. Mtu wa dukani atakusukumia mkataba wa mwaka mzima, pengine na simu mpya juu yake. Mwaka wa kwanza usikubali. Hujui kama utamaliza muda wa majaribio, hujui utahamishwa mji gani, na ukivunja mkataba katikati kuna faini. Anza na laini ya kuweka kredi mwenyewe, nunua bando la wiki uone unatumia kiasi gani, ndipo uende la mwezi. Na ukinunua uliza maswali haya kwa sauti mpaka ujibiwe: dakika hizi zinapiga Kenya ama ni za ndani tu? Bando likiisha linajinunua tena lenyewe? Zilizobaki zinahama mwezi ujao? Manake tangazo litaandika dakika 500 kwa maandishi makubwa, na chini kwa maandishi madogo ni kwamba za nje ni 50 na Kenya haimo kwenye orodha ya nchi.

Kwa kweli wengi wetu tunapiga nyumbani kwa intaneti. Simu ya sauti ya WhatsApp haili data sana, chini ya MB 1 kwa dakika, kwa hivyo nusu saa na bi mkubwa haifiki MB 30. Video ndio inamaliza, hiyo ingoje waifai. Lakini Imarati simu za WhatsApp na FaceTime zimezuiwa, meseji na voice note zinapita ila kupiga hapana, watu wanatumia apu zilizoruhusiwa kama Botim, kwa hivyo mwekee mama Botim kwenye simu yake na umfundishe ukiwa bado hapa. Utasikia watu wakisema weka VPN tu. Sheria yao ya mtandao ya 2021 inaadhibu anayetumia VPN kufanya au kuficha kosa, na faini inaanzia dirham 500,000 mpaka 2,000,000. Mshahara wako ni dirham ngapi? Saudi waliondoa marufuku ya simu za intaneti Septemba 2017, ila muulize aliyeko huko leo ni apu gani inapita vizuri.

Na WhatsApp yenyewe iache kwa namba ya Kenya, watu wote wanakujua kwa hiyo, weka tu ile PIN ya tarakimu sita kwenye setting ili hata mtu akipata namba yako asiweze kuifungua.

Haya, sasa simu.

Ya kwanza, iwe ya laini mbili, na tundu la kadi liwepo. Hapa ndipo laini na simu zinakutana. iPhone zinazouzwa Marekani tangu iPhone 14 ya 2022 hazina tundu la kadi, ni eSIM tu, yaani laini iliyo ndani ya simu bila kadi, na iPhone 17 za nchi za Ghuba ni hivyo hivyo. Sasa wewe umejinyima mwaka mzima umenunua simu ya ndoto yako Dubai, kadi yako ya Safaricom utaitia wapi? Kama una hamu nayo basi badilisha laini yako iwe eSIM ukiwa bado Mombasa, na uwe na simu inayoipokea. Mimi kwa ushauri wangu chukua ya kadi mbili.

Ya pili, isiwe imefungiwa kampuni moja. Uingereza tangu Desemba 2021 kampuni haziruhusiwi kuuza simu zilizofungiwa, Kanada tangu Desemba 2017, lakini Marekani bado zinauzwa, bei inakuwa tamu kumbe laini ya mwengine haishiki. Itie laini ya kampuni nyingine hapo hapo dukani kabla hujalipa. Ya mtumba pia, bonyeza *#06# upate IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, uilinganishe na ya kwenye boksi.

Ya tatu ni bandi za mtandao, yaani masafa ya mawimbi ambayo simu inashika. Tecno, Infinix na itel tunazozipenda hapa Ghuba zinauzwa pia, mtu wa Riyadh hana wasiwasi, lakini anayekwenda Marekani aangalie kwanza, manake kule T-Mobile wanatumia bandi 71 na Verizon bandi 13 ambazo simu nyingi za huku hazina. Na kabambe ya mulika mwizi usibebe Marekani, 3G walizima 2022, na simu isiyopiga kwa 4G haina kazi kule. Australia nao walizima 3G mwaka 2024. Uingereza ni rahisi, laini ya kuweka kredi kama Lebara au giffgaff inapatikana bila mkataba, na ukitaka kuhama na namba yako unatuma neno PAC kwa 65075.

Simu ya mkopo, ile ya kulipa kidogo kidogo kila siku kama M-KOPA au Lipa Mdogo Mdogo, maliza deni kabla ya kusafiri. Ukikosa kulipa inajifunga, na wewe uko mbali, M-Pesa imekwama kwa sababu meseji haikuingia, simu ndio hiyo hiyo ya kutafutia msaada. Chaja yako ya hapa ya pini tatu bapa inaingia Uingereza, Qatar, Imarati na hata Saudi, usinunue adapta bure.

Na siku ya kurudi kabisa, wiki mbili kabla, toa namba ya kule kwenye benki na kwenye kila apu, uweke ya Kenya, kisha nenda dukani kwao ulipe kilichobaki, ufunge laini na udai karatasi yenye muhuri kwamba hudaiwi. Hiyo karatasi ipige picha kabla ya kuifunga kwenye begi.