Kabla hujatuma pesa ya shimo la dhahabu, pima hivi

Nikiwa tu hapa Nairobi, simu haziishi za watu wananiambia ati kuna shamba huko Migori ama Kakamega liko na dhahabu, wametumiwa picha ya jiwe linang'aa kwa WhatsApp na wanaambiwa watume deposit leo leo kabla mtu mwingine hajafika. Wacha niandike hapa mara moja, nikiulizwa tena nitume tu hii.

Anza na jiwe lenyewe. Yale mawe ya Ndarugu yenye umejengea ukuta wako pia yalitoka kwa volkano, lakini hayo ni majivu ya juzi, miaka milioni chache tu, ukichimba Juja yote utatoka na mawe ya kujenga basi. Migori, Lolgorian, Kakamega na Busia ni volkano za kale kabisa, zaidi ya miaka bilioni 2.5, zilizikwa chini, zikakandamizwa, zikapasuka, mpaka basalti, lile jiwe jeusi la volkano, ikageuka rangi ya kijani. Kwa hizo nyufa ndio maji moto yalipanda kutoka chini yakibeba dhahabu imeshikana na salfa, sasa yakikutana na mwamba uko na chuma nyingi, chuma inanyakua ile salfa inakuwa pairiti, lile jiwe linang'aa kama dhahabu, na dhahabu ikikosa wa kuibeba inabaki hapo hapo. Kwa hivyo unatafuta vitu viwili pamoja: ufa na chuma. Jiwe jeupe la kwatzi peke yake halimaanishi kitu, liko kila mahali.

Usipande basi bado. Nenda Madini House pale Machakos Road, Industrial Area, uulize ramani za jiolojia na ripoti za zamani, za Migori kuna ile ya 1946, na wakoloni walikuwa wametembea hiyo milima kwa miguu wakachora mishipa mingi ya dhahabu. Hapo pia ndio utajua kama kuna mtu tayari ana leseni ya hiyo sehemu. Hii watu huruka halafu wanalia. Mwenye taito ana shamba, madini ni ya serikali chini ya Sheria ya Madini ya 2016, sasa mzee akikuuzia ploti hajakuuzia dhahabu.

Ukifika huko, tembea ukikata mistari ya miamba, usitembee nayo. Angalia mwamba wenye umekuwa kama karatasi zimebandikwa pamoja, huo ndio ufa wenyewe. Angalia vishimo vidogo vidogo vya mraba vimejaa kutu, hapo pairiti ilikaa ikaoza. Kama dira yako inaanza kuyumba bila sababu, uko juu ya mawe ya chuma yale ya mistari mistari, piga alama. Na ile inang'aa kwa picha? Igonge na nyundo. Pairiti inavunjika inakuwa unga mweusi, dhahabu inabonyea tu kama risasi ya kuvulia samaki. Halafu uliza wachimbaji wa hapo wanafuata upande gani, hao wanajua kuliko mimi na wewe, lakini wakianza kuchoma zebaki simama mbali, ule moshi ni sumu.

Sasa sampuli, na hapa niliumia mwenyewe. Safari yangu ya kwanza niliokota mawe mazuri mazuri tu, yenye kutu na kwatzi, nikapeleka maabara, majibu yakarudi makubwa nikaanza kupigia watu simu niko na mali. Tulipochimba mtaro kukata ule mshipa, upana wake ulikuwa kama kiganja na pande zote mbili hakuna kitu. Siku hizi nachonga mfereji kwa patasi na nyundo kutoka mwisho mmoja wa mtaro hadi mwingine, kila mita mfuko wake, namba ndani na namba nje, GPS kwa simu, na mawe mabaya yanaingia pia. Kama ardhi imefunikwa na udongo, chimba chini ya ule mweusi wa juu, chukua udongo kila mita 25 kwa mistari ya kukata, na uambie maabara wapime arseniki pamoja na dhahabu, mara nyingi hizo mbili hutembea pamoja na arseniki inaenea mbali zaidi.

Kwa mifuko ya maabara mimi huficha kipande cha Ndarugu nimeponda, hicho hakina dhahabu, nakipa namba kama mingine. Kikirudi na dhahabu, mashine yao ilikuwa chafu na yale majibu yote naweka kando. Pia kwa kila mifuko 20 narudia mmoja kwa namba nyingine, nione kama majibu yatafanana.

Majibu yanakuja kwa gramu kwa tani. Gramu 5 inasikika kidogo lakini lori ya tani 10 hapo ni gramu 50, wakia moja na nusu hivi, kabla ya kulipa karasha, dizeli na watu. Usiangalie ile namba kubwa moja, angalia kama mita kadhaa mfululizo zinasoma dhahabu, na kama mtaro unaofuata, hatua 50 mbele, unasoma pia. Ikiwa hivyo ndio uulize bei ya drili. Mimi ile mara ya kwanza nilikuwa nimeuliza bei ya drili hata koleo sijanunua.