Namna ya Kutazama na Kutambua Maua ya Mwituni Kando ya Njia Wakati wa Machipuko

Anayetaka kuyaona maua ya mwituni katika majira ya machipuko aanze kwa kuchagua siku, kwani njia ileile inaweza kujaa maua wiki hii na kuwa kijani kitupu wiki tatu baadaye. Katika misitu ya miti inayopukutisha majani, mimea mingi midogo huchanua katika kipindi kifupi kilichopo kati ya udongo kupata joto na miti kuvaa majani mapya. Baada ya hapo kivuli hutanda na mwanga unaofika chini hupungua sana. Kwa hiyo itazame miti kwanza. Kama machipukizi yake ndiyo kwanza yanafunguka, wakati umefika.

Ukiona umechelewa, panda juu zaidi. Mnamo 1918 Andrew Delmar Hopkins, mtaalamu wa wadudu wa Marekani, alieleza kanuni kwamba dalili za machipuko huchelewa takriban siku 4 kwa kila futi 400 za mwinuko, yaani karibu mita 120. Hayo ni makadirio, na mteremko mmoja hutofautiana na mwingine, lakini yanatosha kumpa mtembezi matumaini kwamba maua yaliyonyauka bondeni huenda bado yako mita mia kadhaa juu yake. Katika kizio cha Kaskazini, miteremko inayoelekea kusini hupata jua zaidi na kuchanua mapema. Katika kizio cha Kusini mambo ni kinyume.

Toka jua likiwa limepanda, kwa kuwa baadhi ya maua, kama vile anemone, hujifunga usiku na wakati wa mawingu. Chukua daftari, penseli, rula fupi na lenzi ndogo inayokuza mara 10. Lenzi hiyo ishike karibu kabisa na jicho, kisha inama mpaka ua lionekane vizuri. Wengi huishika mbali na uso na hawaoni chochote cha maana.

Katika kutambua mmea, usianze na rangi, ingawa ndiyo iliyokuvuta. Aina moja inaweza kuwa na maua meupe hapa na ya zambarau hatua kumi mbele. Anza na majani: je, yanakaa mawili mawili yakielekeana, yanapishana kwenye shina, au yote yako chini kabisa? Liguse shina kwa vidole, kwa maana shina la pembe nne lenye majani yanayoelekeana mara nyingi ni la jamii ya mnanaa. Ndipo uhesabu petali, yaani vijani vya rangi vya ua. Nne zilizopangwa kama msalaba, pamoja na stameni (vijiti vyenye chavua) sita ambazo nne ni ndefu na mbili ni fupi, huashiria jamii ya kabichi na haradali. Petali tatu au sita mara nyingi huenda na majani yenye mishipa sambamba, ila trillium, mmea wa msituni wenye petali tatu, una mishipa iliyosukwa kama wavu, na huwakanganya wanaoanza. Katika jamii ya alizeti, kile unachokiona kuwa ua moja ni kusanyiko la maua mengi madogo, na lenzi itakuonyesha hivyo. Piga picha ya mmea mzima, ya jani linapoungana na shina, ya ua kwa mbele, na ya ua kwa nyuma, ambako sepali, yaani vijani vinavyolishika ua kwa nje, huonekana.

Usichume, na usitoke njiani hata kwa ajili ya picha. Trillium nyeupe huweza kuchukua miaka 7 au zaidi tangu mbegu hadi ua la kwanza, na anayelivunja ua lake pamoja na majani yaliyo chini yake huunyang'anya mmea chakula cha mwaka mzima. Mbegu zake husambazwa zaidi na sisimizi, hivyo mahali palipokanyagwa hapajai maua upesi. Penye tope, pita katikati ya tope, kwa sababu kulizunguka hupanua njia kuelekea hasa kwenye maua. Soli za viatu zisafishwe kabla ya safari, zisije zikabeba mbegu ngeni.

Andika tarehe, mwinuko na hali ya kivuli, kisha rudi mahali hapohapo baada ya wiki mbili au tatu, maana tunda changa mara nyingi huthibitisha jina ambalo ua peke yake liliacha na shaka.