Ukitaka kuwaona Wamongolia Beijing, anzia kaskazini

Wageni wangu wakifika Beijing wote hutaka niwapeleke kwanza kwenye Jumba la Kifalme. Nawakatalia. Ukianzia pale utawaona Ming tu, nasaba ya Wachina iliyowang'oa Wamongolia, na hutajua walirithi nini.

Panda treni ya chini ya ardhi, laini namba 10, ushuke Jiandemen. Nje tafuta kilima kirefu chembamba chenye miti, kando ya mfereji. Wengi hupita wakidhani ni bustani. Huo ndio ukuta wa Dadu, mji ambao Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia, alianza kuujenga mwaka 1267, miaka 4 kabla hajaipa nasaba yake jina la Yuan. Usitafute matofali, ni udongo ulioshindiliwa, na mvua za karne saba zimeulainisha ukabaki kama mgongo wa ng'ombe aliyelala.

Hapa usiwe na haraka. Palikuwa na lango. Mwaka 1368 jeshi la Zhu Yuanzhang, mwanzilishi wa Ming, mtoto wa wakulima maskini aliyewahi kuwa mtawa wa Kibuddha, lilipokuwa linakaribia, kaizari wa Yuan Toghon Temür alifunguliwa lango hili usiku wa manane akakimbilia kaskazini. Utawala wa Wamongolia juu ya China ukaishia hapa unaposimama. Mimi hapa hunyamaza kila mara.

Fuata mfereji kuelekea mashariki hadi Beitucheng (mwezi wa nne maua yanapendeza mno), kisha panda laini namba 8 kwenda kusini na uhesabu vituo. Cha tatu, Guloudajie, ndipo ulipopita ukuta mpya wa Ming. Jenerali wao Xu Da aliuona mji ni mkubwa mno kuulinda, akaukata. Eneo lote ulilolipita chini ya ardhi lilikuwa mjini wakati wa Yuan. Ming wakaliacha nje.

Shuka kituo kinachofuata, Shichahai, uone daraja la Wanning. Mashua za nafaka kutoka kusini zilipita chini yake baada ya Guo Shoujing, mhandisi wa Kublai, kumaliza mfereji wake mwaka 1293.

Jioni panda kilima cha Jingshan. Udongo wake ulichimbwa kwenye handaki la maji la Jumba la Kifalme, lililojengwa na Yongle, kaizari wa Ming, 1406 hadi 1420, ukarundikwa palipokuwa na kasri la Yuan. Sasa ndiyo tazama mapaa ya njano ya jumba hilo upande wa kusini. Ukishuka, pitia mashariki: kuna mti unaoonyesha mahali alipojinyonga Chongzhen, kaizari wa mwisho wa Ming hapa Beijing, mwaka 1644, waasi walipoingia mjini.