SOMO: Kuanza kukimbia ukiwa huna pumzi kabisa, mwendo ni wa mchakamchaka

Habari zenu wakuu. Nimeamua kuandika hili somo maana kila ikifika Januari nawaona watu pale Daraja la Tanzanite mpaka Coco Beach, raba mpya, tisheti mpya, wanachomoka kama wanawahi daladala ya mwisho, wiki ya pili huwaoni tena. Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Siku ya kwanza nilitoka nduki kama mita 400, kichomi kikanishika ubavuni nikainama nimeshika magoti, koo linawaka, mdomoni nasikia kama ladha ya chuma, nikaamini kabisa mwili wangu haukuumbwa kukimbia. Nilikaa mwaka mzima ndo nikarudi. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu mwili haukuwa na shida yoyote, shida ilikuwa spidi.

Sasa kumbukeni mchakamchaka wa shule ya msingi. Asubuhi baridi, vumbi, kiongozi anaita "mchakamchaka" mnajibu "chinja", mnazunguka mtaa mzima mnaimba na pumzi hazikati. Ule ndo mwendo wenyewe. Ukiweza kuongea sentensi nzima huku unakimbia, uko pale ambapo pumzi inajengeka, ukishindwa umepitiliza, punguza hata kama wanaotembea wanakupita. Tunamuona mkimbiaji wetu Alphonce Simbu akichukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo 2025 kwa kuchomoka mwishoni kabisa, tunaiga ule mchomoko, ila zile saa nyingi za kukimbia taratibu hazionyeshwi kwenye TV.

Hatua ya 1, kabla hujatoka. Kama una presha, sukari, kifua kinakubana ukipanda ngazi, au umri umeenda na hujafanya mazoezi miaka, muone daktari kwanza. Raba za mtumba zinafaa kabisa ila zikague: ikunje, inatakiwa ikunjike pale vidole vinapoanzia, ikijikunja katikati kama chapati iache. Bonyeza soli kwa gumba, ikiwa imekauka kama mbao iache pia. Mbele ya vidole ibaki nafasi kama upana wa kidole gumba.

Hatua ya 2, wiki mbili za kwanza. Siku 3 kwa wiki, usiunganishe siku. Tembea haraka dakika 5, kimbia dk 1 tembea dk 2, rudia mara 7, malizia kutembea dk 5. Kama nusu saa hivi. Kwa joto la Dar toka kabla jua halijawa kali.

Hatua ya 3. Wiki ya 3 na 4 kimbia dk 2 tembea dk 2, halafu 3 kwa 1, halafu 5 kwa 1, na kwenye wiki ya 10 hivi wengi wanafika dk 30 bila kusimama. Wiki ikikushinda irudie, hakuna anayekufukuza.

Hapa naomba tuelewane vizuri. Karibu wiki ya 5 utajisikia mwepesi, utatamani kukimbia kila siku, na hapo ndo watu wanaumia. Moyo na mapafu vinazoea haraka, ila kano na mifupa inataka miezi, kwa hiyo pumzi inakuruhusu kitu ambacho miguu bado. Misuli kuuma siku mbili ni kawaida. Ila ukiwa na maumivu kwenye ugoko, sehemu moja ndogo unayoweza kuionyesha kwa kidole, simama kukimbia na ukapimwe. Kifua kuuma au kizunguzungu, acha hapohapo uende hospitali.

Hatua ya 4, jipime. Asubuhi kabla hujashuka kitandani weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, upande wa gumba, hesabu mapigo sekunde 30 zidisha mara 2. Mimi nilianza na 82, baada ya miezi minne nikawa na 66. Moyo ukipata nguvu unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, hauna haja ya kuhangaika. WHO wanasema angalau dk 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea haraka kunahesabika.

MASWALI

Dada wa Mbagala: Mkuu mi nikikimbia barabarani napigiwa miluzi, na alfajiri giza naogopa. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana dada yangu. Gizani usitoke peke yako. Wikiendi jiunge na klabu ya jogingi ya mtaani, mnakuwa wengi na mnaimba. Siku za katikati ruka kamba nyumbani, taratibu, dakika zilezile.

Mama Wawili: Natumia atenolol ya presha, saa ya mkononi inaniambia mapigo yako chini niongeze nguvu. Niifuate?

Jibu: Hapana mama, usiifuate. Hiyo dawa yenyewe inashusha mapigo ya moyo, kwa hiyo namba za saa hazikufai. Tumia kipimo cha kuongea, na dawa usiiache bila daktari.

Mdau wa Unguja: Ramadhani je?

Jibu: Nusu saa kabla ya futari, taratibu, ili ukimaliza maji yapo karibu. Au baada ya tarawehe. Mwezi huo usiongeze dakika.

Mdau wa Tanga: Nina kilo 108, magoti yatapona kweli?

Jibu: Kaka anza na kutembea haraka tu wiki 6, usikimbie hata dakika moja. Ufukweni maji yakikupwa ule mchanga mgumu ni mzuri.

Mdau wa Tanga: Nimeanza leo, mpaka Raskazone na kurudi, dk 40, nimeongea na mke wangu njia nzima.

Jibu: Safi sana kaka. Kesho pumzika, keshokutwa mtoke tena wote wawili.