SOMO: Namna ya kuchemsha dawa ya mitishamba ya Kichina bila kuiharibu

Wanajamvi, habari za jioni. Somo hili nililiahidi tangu Ramadhani, nimekuwa nikilikwepa kwa sababu kila nikianza linataka kugeuka kitabu. Mimi ni mfamasia. Nilisoma Guangzhou, na kwa miaka minne nilipanga chumba kwa bibi mmoja ambaye jikoni kwake chungu cha dawa hakikukauka. Darasani nilifundishwa kemia. Kuchemsha nilifundishwa na yule bibi, tena kwa kufokewa.

Historia kidogo kwanza. Kitabu cha dawa ambacho Wachina wote hurudi kwake, Shennong Bencao Jing, kilikusanywa enzi ya Han, karibu miaka 2000 iliyopita. Kina dawa 365 zilizopangwa madaraja matatu, na daraja la chini kabisa ni la dawa kali zenye sumu, zisizofaa kutumiwa muda mrefu. Kwa hiyo anayekwambia "hii ni mitishamba tu, haina madhara" hajui hata ukurasa wa kwanza wa fani yake. Baadaye akaja tabibu Li Shizhen, aliyehangaika miaka 27 hadi akakamilisha kitabu chake, Bencao Gangmu, mwaka 1578, chenye dawa 1,892. Kilichapwa 1596, mwenyewe akiwa ameshafariki miaka mitatu nyuma.

Kila dawa ina tabia yake: ya moto, ya uvuguvugu, ya ubaridi kiasi au ya baridi. Ina na ladha: chachu, chungu, tamu, kali au ya chumvi. Msicheke. Sisi tunaoita maumivu ya viungo "baridi yabisi" tunatumia hesabu ya jamii hiyohiyo, baridi na ukavu, ila yetu ilitufikia Pwani kwa tiba ya Kiyunani kupitia kwa Waarabu.

HATUA YA 1: Isome karatasi ya tabibu kama unavyosoma mapishi

Mizizi haichanganywi ovyo. Kwenye mchanganyiko kuna mfalme, waziri, msaidizi na mjumbe. Chukua guizhi tang, dawa ya mafua ya baridi iliyomo katika Shanghan Lun, kitabu cha tabibu Zhang Zhongjing cha mwanzoni mwa karne ya 3. Mfalme ni vijiti vya mdalasini wa Kichina (guizhi), wa kufungua jasho. Waziri ni mzizi wa baishao, unaomzuia mfalme asilimalize jasho lote. Tangawizi mbichi na kunazi nyekundu ni wasaidizi wa tumbo, na gancao, mzizi mtamu uliokaangwa kwa asali, ndiye mjumbe anayewapatanisha wote. Ukitoa kimoja kwa sababu hakikupatikana dukani, unayo dawa nyingine.

HATUA YA 2: Hakikisha jina

Hapa watu wameharibikiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza unene jijini Brussels iliwapa wanawake vidonge vilivyotakiwa kuwa na mmea uitwao fangji. Kukaingizwa guang fangji, mmea mwingine kabisa wenye asidi ya aristolokia. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, na wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Tofauti kwenye karatasi ilikuwa neno moja la mbele. Kwa hiyo taka jina la Kichina na jina la kisayansi, vyote viwili. Muuzaji akinuna, ondoka.

HATUA YA 3: Chungu na maji

Chungu cha udongo, au cha kauri. Sufuria ya chuma au ya shaba usiguse, kwani baadhi ya dawa hugeuka rangi na tabia zikikutana na madini hayo. Mimina maji ya baridi yazidi dawa kwa vidole viwili, loweka nusu saa. Wengi hawana subira ya kuloweka.

HATUA YA 4: Kila dawa na zamu yake

Hili ndilo lililonifokesha. Siku moja nilikuwa na homa, nikapewa pakiti yenye bohe ndani, ile nanaa yao. Nikatumbukiza vyote kwa pamoja, nikafunika, nikalala. Bibi alipoingia na kunusa nyumba nzima inanukia nanaa, akaimwaga yote kwenye sinki. "Dawa imo hewani," akasema, "sasa utakunywa nini?" Mafuta ya nanaa yanaruka na mvuke. Bohe huingia dakika tano za mwisho.

Kinyume chake, maganda ya chaza na mawe hutangulia kwenye moto dakika 20 au zaidi, maana ni magumu kutoa kilichomo. Na fuzi, mzizi wa akoniti, lazima utangulie nusu saa hadi saa nzima, hata zaidi kwa kiasi kikubwa. Huo si ugumu bali sumu: akonitini inasimamisha moyo, na kuchemka muda mrefu ndiko kunakoivunja. Fuzi mbichi haiuzwi kwa ajili ya kupika nyumbani, na hata iliyosindikwa usiicheze bila tabibu.

Mbegu ndogo zenye utelezi hufungwa kwenye kitambaa. Ginseng nzuri huchemshwa peke yake, kwa sababu ni ghali na hutaki inywewe na makapi ya wengine.

HATUA YA 5: Moto

Moto mkali mpaka ichemke, kisha mdogo. Dawa za mafua dakika 10 hadi 15, za kujenga mwili 40 au zaidi. Chuja, ongeza maji kidogo, chemsha tena, changanya maji ya kwanza na ya pili, gawa asubuhi na jioni.

HATUA YA 6: Kunywa

Zhang Zhongjing hakuishia kwenye chungu. Baada ya guizhi tang anaagiza mgonjwa anywe uji mwepesi wa mchele ukiwa wa moto, ajifunike karibu saa mbili, atoke jasho dogo, lisitiririke kama maji. Akipona kwa bakuli la kwanza, aache yaliyobaki. Mimi naipenda sana amri hiyo, maana wauza dawa wa leo wanakwambia umalize katoni.

Haya, maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzee Kombo: Dada mfamasia, shikamoo ya wewe na huyo bibi! Nina presha na natumia vidonge. Chai ya mizizi mitamu naruhusiwa?

Jibu: Marahaba kwa niaba ya bibi, mzee wangu, mimi ndiye wa kukuamkia. Gancao usiizoee. Ikitumiwa kwa wingi na kwa muda hupandisha presha na kushusha potasiamu, na kwa moyo hilo ni baya. Pia mahuang, mmea wenye efedrini inayopandisha presha, ikae mbali nawe kabisa. Marekani iliiondoa kwenye virutubisho mwaka 2004. Na ukija kuandikiwa wafarini ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari kama unakunywa danggui, mzizi mwingine wa Kichina, kwa sababu inazidisha nguvu yake.

Mkulima wa Naivasha: Daktari, hawa punda wetu waliokuwa wanaibwa usiku na kuchunwa ngozi, ni dawa gani hiyo?

Jibu: Inaitwa ejiao, jelatini inayotokana na ngozi ya punda, maarufu hasa mkoani Shandong. Huuzwa kama ya kuongeza damu, hasa kwa wanawake. Haichemshwi na wenzake, huyeyushwa mwishoni kwenye dawa ya moto, la sivyo inashika kwenye chungu. Lakini najua hilo silo ulilouliza. Umoja wa Afrika ulipitisha Februari 2024 marufuku ya miaka 15 ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Kwa upungufu wa damu, dawa ya madini ya chuma ya hospitali ni rahisi na imepimwa, na punda wako anabaki na mkokoteni wake.

Binti Tandale: Kuna kliniki ya Kichina wananiuzia vidonge vya kupungua, hakuna maandishi ya Kiswahili wala Kiingereza. Vinafanya kazi kweli, nimepungua kilo nne!

Jibu: Vikifanya kazi haraka hivyo, mdogo wangu, ndipo uogope. Vidonge vya "asilia" vya kupungua vimekamatwa mara nyingi nchi mbalimbali vikiwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni kwa kuumiza moyo. Acha kwanza, kisha ulizia usajili wa tabibu huyo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na wa dawa pia.

Mama Swaumu: Nina mmea wa artemisia uani. Nimesikia Mchina alipata Nobeli kwa mmea huo. Nichemshie wanangu majani kila msimu wa mvua?

Jibu: Hapana mama, na sababu iko kwenye chungu. Tu Youyou na wenzake walikuwa kwenye mradi wa siri wa malaria ulioanza Mei 1967, na dondoo za kuchemsha hazikumridhisha. Akakuta kwa Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, agizo la kuchukua konzi ya qinghao, ndilo jina la Kichina la huo mmea wako, kuiloweka, kuikamua na kunywa maji yake. Hakuna moto hapo, akahisi moto ndio unaoiua dawa. Akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu hivi, na mwaka 1971 dondoo hiyo ikafuta vimelea vyote kwa panya. Nobeli ilikuja 2015. Chai yako, kwa upande wake, ina kiasi kidogo kisichojulikana, na Shirika la Afya Duniani halishauri itumike kukinga wala kutibu malaria.

Mama Swaumu: Basi nikiloweka kwa maji ya baridi kama huyo Ge Hong?

Jibu: Nilijua utaniuliza! Bado kipimo hakuna, mama: jani la uani kwako na la kwa jirani hayalingani. Na vimelea vikipigwa kidogokidogo vinabaki, vinajifunza kuhimili. Ndiyo maana dawa mseto, ALu, inayotolewa Tanzania tangu 2006, imeunganisha mbili: artemeta iliyotokana na huo mmea, na lumefantrini inayokaa mwilini muda mrefu zaidi. Mpime mtoto kwanza. Akiwa nayo, dozi ni sita kwa siku tatu, na kila dozi aimeze na kitu chenye mafuta, maziwa au chapati, kwa sababu lumefantrini juu ya tumbo tupu haiingii vizuri mwilini.